Anzia kwenye tenki: ninavyotengeneza njia ya mafuta ya Land Rover yangu nyumbani Tabora

Gari la zamani la petroli likianza kukatakata njiani, wa kwanza kulaumiwa ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Fundi anafungua boneti, anavua bomba la hewa, na hujamaliza kueleza shida yako tayari ameshika bisibisi. Nimeishi zaidi ya miaka ishirini na Land Rover 109 pikapu, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, na iliponisimamisha kwa sababu ya mafuta, mara nyingi ugonjwa ulianzia kwenye tenki. Kabureta ilikuwa inapokea tu uchafu ulioletwa. Ukiisafisha kabureta peke yake ukaliacha tenki, wiki mbili haziishi uko palepale.

Mimi ni mfuga nyuki. Naishi Ipuli, mizinga yangu iko upande wa Sikonge. Gari linafanya kazi sana msimu wa kurina asali, halafu mvua zikianza linalala chini ya mwembe miezi kadhaa kwa sababu njia za porini hazipitiki. Kulala huko ndiko kunakoliua. Tenki likiachwa nusu, ile nafasi iliyo juu ya petroli imejaa hewa yenye unyevu. Usiku ukipoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta za tenki, matone yanateremka na kupita hadi chini ya petroli, maana maji ni mazito kuliko petroli, na huko chini yanakula chuma polepole. Petroli yenyewe ikikaa muda mrefu inapoteza zile sehemu nyepesi zinazowaka kwa urahisi, inabaki na utandu unaonata kama gundi. Kwa hiyo siku unapotaka kuondoka, unawasha gari lenye maji, kutu na gundi kwa pamoja.

Kabla ya kushika spana

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Petroli si mafuta ya taa. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa haupandi juu ukapotea, unatambaa ardhini. Unaweza kutambaa hadi kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua, na moto ukaufuata mvuke huo kurudi ulipo wewe. Kwangu siku ya kazi hii hakupikwi uani, na mama watoto anajua mapema. Gari nalisogeza chini ya mwembe, mahali pa wazi penye upepo, kamwe si ndani ya banda. Natoa waya wa hasi wa betri. Naweka ndoo mbili za mchanga mkavu na mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu na mkono. Simu naiweka ndani ya nyumba. Taa ya waya situmii, kazi hii nafanya mchana.

Usivute petroli kwa mdomo. Wengi wetu tulikua tukifanya hivyo na tukajisifia, lakini tone likiingia mapafuni linaleta homa ya mapafu mbaya. Mtu akiimeza, usimtapishe, maana akitapika ndipo inapopata nafasi ya kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Na tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina petroli, tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa. Ukisikia mtu anasema tenki limekauka kwa hiyo linaweza kuchomelewa, mkatalie.

Je, ni mafuta kweli?

Usije ukalishusha tenki bure wakati ugonjwa uko kwenye plagi au koili. Kipimo changu ni hiki. Injini ikiwa imezimwa, toa bomba la hewa juu ya kabureta, chungulia koo lake, mwambie mtu akanyage mafuta mara moja. Ukiona mchirizi wa petroli unaruka ndani ya koo, kabureta ina mafuta, tazama kwanza upande wa umeme. Usipoona kitu, au ukiona kitone kinachojikokota, endelea na mimi.

Pima pia petroli yenyewe. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uipepee kivulini. Petroli safi hukauka na kuiacha karatasi ilivyokuwa. Ikibaki alama ya mafuta, imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli. Uchakachuaji ulitutesa sana miaka ile, mpaka mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe faida tena kuyachanganya. Mimi bado napima, hasa nikinunua kwenye madumu vijijini.

Tenki

Kwenye 109 pikapu tenki liko chini ya kiti cha kulia. Unainua mto wa kiti, unafungua kifuniko cha bati, unaliona. Chini lina nati ya kumwagia. Legeza kwanza mfuniko wa kujazia, weka beseni la chuma chini, kisha fungua nati taratibu. Kama imeshikwa na kutu usiigonge kwa nyundo, chuma kwa chuma hutoa cheche. Ipake oili nyepesi jioni, uirudie asubuhi.

Yale mafuta ya kwanza kutoka usiyachanganye na mengine. Yaweke kwenye chupa nyeupe ya kioo, yaache yatulie nusu saa. Hiyo chupa ndiyo itakayokueleza kazi iliyo mbele yako. Ukiona maji kidogo tu chini, umepona, mwaga yote, jaza mapya. Ukiona unga mwekundu umelala chini kama pilipili ya kusaga, tenki lazima lishuke.

Kulishusha si kazi ngumu: waya za geji, bomba la kupeleka mafuta mbele, mpira mnene wa kujazia na ule mwembamba wa kupumulia, halafu bolti zinazolishikilia. Piga picha kila hatua kabla ya kufungua. Likiwa chini, lisuuze kwa maji na sabuni ya unga mara tatu au nne mpaka harufu ipungue sana. Kisha tumbukiza mnyororo mwembamba wa chuma, kama mita moja na nusu, weka maji ya sabuni robo tenki, mtu mmoja huku mwingine kule, mtikise na kuligeuza pande zote. Watu wengi hutumia kokoto. Mimi nimeacha, kwa sababu kokoto moja ikibaki kwenye kona utaitafuta siku nzima, lakini mnyororo unaufunga kamba mwisho wake na kuuvuta wote.

Kutu iliyobaki huiondoa siki. Lita 5 zinatosha ukiwa na subira ya kuligeuza tenki upande mmoja baada ya mwingine kila baada ya saa chache. Usizidishe siku moja, siki haichagui kati ya kutu na chuma kizima. Ukimwaga siki, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, kisha kwa maji matupu, kisha lianike jua kali midomo ikiwa wazi. Likikauka tu, mwagia nusu lita ya dizeli, lizungushe ipake kuta zote, uitoe. Ukichelewa hapo, chuma kilicho uchi kitashika kutu mpya usiku huohuo.

Kuhusu tundu dogo. Nilipokuwa kijana, tenki langu lilivuja njiani, na nini kilikuwa karibu na mkono wangu kama si nta ya nyuki? Nikaikanda, nikaziba, ikashika vizuri kabisa. Kesho yake lilivuja tena, na gari likaanza kukosa nguvu. Petroli inayeyusha nta. Ile nta ilikuwa inasafiri kidogo kidogo hadi kwenye jeti za kabureta, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli, na kugandia huko. Tangu hapo natembea na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Futa pale panapovuja, sugua kipande cha sabuni kwa nguvu mpaka kijichokonoe ndani ya ufa, nacho kitakufikisha nyumbani. Ni cha kukufikisha nyumbani tu. Tundu la kudumu linataka kulehemu kwa risasi, na hiyo mpelekee fundi anayejua kulijaza tenki maji kwanza.

Nyigu

Kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua watu wa huku kwetu na ambao sijawahi kuusikia ukitajwa gereji. Gari linawaka vizuri, linakwenda kilomita kumi au kumi na tano, linaanza kukohoa, linazima. Unasubiri, linawaka tena, linakwenda kidogo, linazima. Lilinifanyia hivyo mara tatu njia ya Sikonge, mara ya mwisho usiku, na asali ndani. Nilikuwa tayari nimelipia kusafishwa kabureta kwa fundi mmoja mjini, ambaye alizichokonoa jeti kwa waya wa chuma zikapanuka, na tangu siku ile gari lilikuwa linakunywa petroli kupita kiasi.

Usiku ule nilipofungua mfuniko wa tenki ili nione kama mafuta yapo, nilisikia hewa inavutwa ndani, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Gari likawaka hapohapo. Nilipoumulika mfuniko kwa tochi niliona kidonge cha udongo mkavu kimeganda kwenye kona, juu ya kile kitundu cha kupumulia. Miezi yote nilidhani ni tope lililoruka barabarani. Nikakibandua kwa kucha. Ndani kilikuwa kimegawanywa vyumba, na kila chumba kimejazwa buibui wadogo waliokauka, chakula alichowawekea watoto wake yule nyigu wa udongo.

Pampu ikivuta petroli, lazima hewa iingie tenkini kuchukua nafasi ya kilichotoka. Kitundu kikizibwa, tenki linabana kama chupa unayoinyonya, hadi pampu inashindwa. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, gari linawaka tena. Basi kabla ya kufungua chochote, gari lako likizima kwa mtindo huo, fungua mfuniko usikilize. Kama hewa inavutwa, safisha kitundu kwa njiti ya fagio, na kazi imekwisha.

Mabomba na pampu

Kuanzia tenki hadi pampu, mafuta yananyonywa. Kuanzia pampu hadi kabureta, yanasukumwa. Tofauti hii ni kubwa. Mpira wenye ufa baada ya pampu utakuonyesha tone, utanusa. Mpira wenye ufa kabla ya pampu unaweza usitoe hata tone moja, badala yake unavuta hewa, na pampu inabaki inapiga mapovu. Ndiyo maana mtu anatafuta kinachovuja, hakioni, anarudi kulaumu kabureta. Kunja kila kipande cha mpira kwa vidole. Kikionyesha nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino, badilisha. Nunua mpira wa mafuta, upeleke wa zamani dukani walinganishe unene. Ule mpira mweupe wa maji unakakamaa kwa petroli na kuchomoka kwenye klampu.

Bomba la chuma lipulizie kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa injini kurudi nyuma, likiwa limefunguliwa pande zote mbili. Tabora hii hakuna nyumba isiyo na jirani mwenye pampu ya baiskeli.

Pampu ya gari hili haitumii umeme. Inasukumwa na injini yenyewe, ina mkono mdogo wa kupigia mafuta kwa kidole, na chini yake imening'inia bilauri ya kioo. Nilipokuwa nafundisha kazi hii mara ya mwisho, aliyenisaidia ni binti wa dada yangu, aliyekuja likizo. Nilimwambia achuchumae aniambie anaona nini kwenye kioo.

"Mjomba, kuna mstari."

"Mstari gani, mama?"

"Chini kuna kitu cheupe, juu kuna rangi kama chai nyepesi. Vimekutana lakini havichanganyiki. Nikigonga, hiki cha chini kinacheza kama lulu."

Yalikuwa maji, unene wa kidole kimoja, na juu yake petroli. Alilegeza ile nati ya kidole, akasogeza waya unaoshikilia, akaishusha bilauri kwa mikono miwili. Chini kabisa palikuwa na punje za kutu. Juu, pale bilauri inapokaa, kuna chujio dogo la wavu. Lioshe kwa petroli safi na mswaki laini. Kuna na gasketi inayozunguka mdomo wa kioo. Ikiwa imekakamaa usiirudishe, ndiyo mlango mkubwa wa hewa. Kaza nati kwa vidole tu. Kioo hiki kikipasuka, kupata kingine hapa mjini ni safari.

Kupima pampu, chomoa bomba linalokwenda kwenye kabureta, litumbukize kwenye chupa, piga mkono wa pampu. Kila pigo litoe mruko wenye nguvu. Kama mkono unalegea hauna uzito wowote, usiitupe pampu: injini imesimama mahali ambapo imekwisha kuisukuma hadi mwisho. Zungusha injini kidogo kwa hendeli, ujaribu tena. Ikiendelea kulegea, dayaframu, ule utando ndani ya pampu unaovuta na kusukuma mafuta, imechanika. Hapo vuta dipstiki uinuse. Oili ikinuka petroli, mafuta yamekuwa yakipitia kwenye ule mchaniko kushuka kwenye injini. Badilisha oili pamoja na dayaframu, siku hiyohiyo, maana oili iliyochanganyika na petroli haina utelezi wa kulinda beringi.

Katikati ya tenki na pampu mimi nimeongeza filta ndogo ya plastiki inayoonekana ndani. Mshale uelekee kwenye injini.

Sasa kabureta

Yangu ni Zenith 36IV. Ifanyie kazi mezani, juu ya trei nyeupe, ili kijiskrubu kikidondoka ukione. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike. Mimi huandika kwa mkaa ukutani.

Jeti zifungue kwa bisibisi inayojaza mfereji wake wote, ni shaba laini. Ziloweke kwenye petroli safi, zipulizie kwa pampu ya baiskeli, zielekeze kwenye mwanga. Zisipofunguka, tumia unywele mmoja wa mswaki. Waya wa chuma usiukaribishe hata mezani. Tundu la jeti limepimwa kiwandani, na ukilipanua hakuna skrubu itakayolirudisha. Mimi ilibidi niagize jeti nyingine Dar es Salaam.

Boya, kile kinachoelea ndani ya kabureta na kuifunga sindano inayoingiza petroli, litikise sikioni. Ukisikia kitu kinacheza kama maji, petroli imeingia ndani. Lizamishe kwenye maji ya moto uone povu linatokea wapi. Boya zito haliinuki vizuri, sindano haifungi, na kabureta inafurika.

Sehemu ambayo wengi hawaijui ni hii. Kati ya mfuniko wa juu na kile kipande chenye jeti kuna kiringi cha mpira, na nyuso zinazokutana hapo hupinda kwa joto na kwa kukazwa sana. Kiringi kikizeeka, gari linakataa silensa: ukiachia mafuta linazima, hata kama jeti zote ni safi. Weka kiringi kipya. Kisha tandaza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, weka uso wa kile kipande juu yake, usugue kwa mizunguko mepesi, ukitazama kila mara. Mwanzoni utaona pembe tu zinang'aa na katikati pana giza. Uso wote uking'aa sawa, acha. Osha vumbi lote la msasa. Unapofunga, kaza bolti kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, zisije zikapinda tena.

Kuwasha

Rudisha kila kitu, lakini betri iwe ya mwisho. Jaza lita 10 kwa faneli ya chuma. Kitambaa changu cha nailoni cha kuchujia asali sikitumii kwa petroli: mafuta yakipita kwenye nailoni huzalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Piga mkono wa pampu mpaka uhisi umekuwa laini, ndipo kabureta imejaa. Subiri dakika kumi, pita na tambara kavu kwenye kila kiungo. Pakiwa pakavu pote, funga betri, vuta choki, washa.

Injini ikishapata moto, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi injini ianze kutetemeka, fungua hadi itetemeke upande wa pili, irudishe katikati.

Petroli mbovu uliyotoa isimwagwe karibu na kisima. Iache itulie, ya juu itumie kuoshea vyuma, na usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda, watoto wapo. Mimi siku hizi, mvua zikikaribia, nalijaza tenki hadi juu kabla ya kulilaza gari, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi. Mfuniko naukagua kila Jumapili, na nyigu akianza kujenga napangusa udongo ungali mbichi.

Mara hiyo ya mwisho tulilijaribu hadi Kwihara. Nikasimamisha pembeni, mpwa wangu akashuka bila kuambiwa, akachuchumaa, akamulika bilauri. Mstari haukuwepo. Zilikuwepo punje tatu za kutu. Akaifungua, akaimwaga, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaikaza kwa vidole, tukageuza kurudi mjini kupakia ndoo.